Mtu Mmoja, Muziki Wake Wote

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wanakwaya wa Nundu, Fizi



Muziki wote ambao Maurice Ravel aliitungia piano ya mpigaji mmoja unachukua saa mbili na dakika chache. Msafiri akianza kuusikiliza gari likitoka Uvira, utakuwa umekwisha kabla hajaiona Baraka. Ravel alizaliwa Ciboure, karibu na mpaka wa Ufaransa na Uhispania, mwaka 1875, akafariki Paris mwaka 1937, na katika miaka hiyo 62 alichoiachia piano peke yake ni hicho. Hata hivyo, tangu miaka ya 1950 wapiga piano wa nchi nyingi wamekuwa wakijifungia studio kuurekodi wote, kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho, huku wakijua fika kwamba wenzao wameshaifanya kazi hiyo. Nimekuja kuieleza kazi hiyo kwa sababu naamini inatuhusu sisi wa Nundu, Mboko, Baraka na Fizi kuliko inavyodhaniwa. Kabla sijakaa nitawaomba tuifanye hapa hapa, kwa wazee wetu wapigaji, nao wakiwa bado hai.

Piano yenyewe kwanza. Wengi wetu tunachokijua ni kinanda cha umeme cha kanisani, ambacho sauti yake hutoka kwenye spika. Piano ya kweli ni sanduku la mbao lenye nyuzi za chuma zaidi ya 200 zilizovutwa kwa nguvu juu ya fremu ya chuma. Ukibonyeza kimoja cha vibao vyake 88, nyundo ndogo iliyovikwa sufu nzito huruka, hugonga nyuzi zake, kisha huanguka. Sauti ikishatoka, mpigaji hana tena la kuifanya, nayo huanza kufa papo hapo. Ndiyo maana ufundi wote umo katika uzito wa kidole na katika kanyagio la mguu linaloziacha nyuzi ziendelee kulia. Unyevu huipotosha piano, na joto pia, kwa hiyo siku ya kurekodi fundi wa kulinganisha nyuzi hufika kabla ya mpigaji, na mara nyingi huitwa tena mchana. Fundi mitambo naye huhangaika na mahali pa kuweka mikrofoni. Akiisogeza karibu mno, nyundo zinasikika zikigonga. Akiiweka mbali mno, ukumbi mzima unaingia ndani ya muziki.

Ravel alilijua sanduku hilo kwa namna yake. Mwaka 1901, akiwa na miaka 26, alitunga kipande kinachoitwa Jeux d'eau, michezo ya maji. Noti za juu zinakimbia, zinavunjika na kurudi, na sikio linayaona maji kabla akili haijajua ni nini. Ndani ya mfululizo wake wa Miroirs, uliokamilika mwaka 1905, kuna kipande cha chombo kidogo juu ya bahari, Une barque sur l'océan. Mkono wa kushoto unapanda na kushuka bila kupumzika. Mara wimbi linajaa kutoka chini na kufunika kila kitu, halafu linatulia kana kwamba halikutokea. Nadhani mtu aliyewahi kuvuka kwenda Ubwari, upepo wa mchana ukimkuta katikati ya ziwa, atakielewa haraka kuliko mwanafunzi wa Paris. Atatambua kwamba chombo ni kidogo na maji ni mengi, na kwamba mtunzi hakusahau hata mara moja ukubwa wa maji hayo.

Mwaka 1908 alitunga Gaspard de la nuit, vipande vitatu vilivyotokana na maandishi ya mshairi Aloysius Bertrand. Katika kile cha katikati, Le Gibet, kuna mtu aliyenyongwa, jua linazama, na kwa mbali kengele inalia. Kengele hiyo ni noti moja tu, inayorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho bila kuharakishwa na bila kupandishwa sauti, na muziki mwingine wote unapita juu yake na chini yake. Kipande cha tatu, Scarbo, Ravel alikusudia kiwe kigumu kuliko Islamey ya Mrusi Balakirev, ambayo wapiga piano wa wakati ule waliiogopa. Alifaulu, hadi leo vidole vya vijana wengi vinaumia juu ya kipande hicho.

Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia. Ravel alikuwa mwembamba na mfupi, akakataliwa jeshini, akasisitiza hadi akapewa lori la kuendesha, na mwaka 1916 alikuwa karibu na Verdun, moja ya sehemu mbaya kabisa za vita vile. Januari 1917 mama yake alifariki. Mwaka huo huo alimaliza Le Tombeau de Couperin, mfululizo wa vipande sita vilivyotolewa kwa rafiki zake waliouawa vitani. Kimoja kati yake ni cha ndugu wawili wa familia moja. Cha mwisho, Toccata, ni kwa ajili ya Joseph de Marliave, aliyeuawa mwezi Agosti 1914. Aliyeupiga mfululizo huo hadharani kwa mara ya kwanza, mwaka 1919, alikuwa Marguerite Long, mjane wa Marliave huyo.

Ndani ya mfululizo huo hamna kilio. Nusu yake ni vipande vya dansi za zamani, vyepesi, safi, vingine hata vya furaha, na wako waliomshangaa mtunzi kwa kuwakumbuka wafu kwa miguu inayocheza. Hapa Fizi sidhani jambo hili linahitaji maelezo. Kila aliyekesha kwenye matanga anajua kwamba ngoma hulia usiku kucha na watu hucheza, na hakuna anayefikiri kwamba marehemu amedharauliwa. Sisi tumezika watu wengi tangu vita vya mwaka 1996. Kama kuna mahali duniani ambapo Le Tombeau de Couperin ingesikilizwa na watu wanaoielewa bila kufundishwa, ni ukanda huu wa ziwa, nami natamani siku moja ije kupigwa hapa.

Sasa tuje kwenye kurekodi. Mtu akisema atarekodi kazi zote za Ravel za piano, anakutana kwanza na swali la mpaka. Ma mère l'Oye imo? Hapana, hiyo ilitungiwa watu wawili waliokaa kwenye piano moja. La Valse je? Ilitungiwa okestra, lakini Ravel mwenyewe aliiandikia pia piano ya mtu mmoja. Wengine huiingiza, wengine huiacha. Vipo vipande vidogo sana: kimoja cha mwaka 1909 kilichoundwa kwa kugeuza herufi za jina la Haydn kuwa noti, miaka 100 baada ya kifo cha mtunzi huyo, na Prélude ya mwaka 1913, ya dakika moja na kitu, iliyoandikwa kwa ajili ya mtihani wa kusoma noti papo kwa papo katika chuo cha muziki cha Paris. Mpigaji anayechagua vizuri tu asingehangaika na karatasi ya mtihani. Anayerekodi vyote analazimika kukaa nayo, kuitafutia mahali, kuipa heshima ileile anayoipa Scarbo.

Kisha vinatokea vilivyofichika. Walter Gieseking alirekodi muziki wa piano wa Ravel London mwaka 1954, Robert Casadesus alikuwa ameshafanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kazi zao ziliuzwa kama mkusanyo kamili. Lakini Ravel akiwa mwanafunzi, karibu mwaka 1893, alitunga kipande kiitwacho Sérénade grotesque, nacho hakikuchapishwa hadi mwaka 1975, miaka 38 baada ya kifo chake. Basi mikusanyo ile ya mwanzo haina kipande hicho, wala hilo si kosa la wapigaji.

Je, kipande hicho cha mwanafunzi kinastahili? Kwa uzuri peke yake, labda hapana. Lakini kisikilizeni, halafu sikilizeni Alborada del gracioso, ambayo ni ya miaka 12 baadaye. Katika vyote viwili piano inajaribu kuwa gitaa la Kihispania: noti kavu, za kudonolewa, zinakatika ghafla na kuanza upya. Mama yake Ravel alikuwa Mbaski, na mtoto alikua akimsikia akiimba nyimbo za Kihispania. Kijana wa miaka 18 alilijaribu gitaa hilo kwa mkono usiokomaa. Mtu wa miaka 30 akalifikisha mahali ambapo hakuna aliyelifikisha kabla yake. Ukipewa Alborada peke yake unapata kazi nzuri. Ukipewa vyote viwili unamwona mtu akirudia swali lake kwa miaka 12 hadi alijibu. Hiyo ndiyo sababu ya kurekodi kila kitu, na kwangu mimi inatosha.

Kuna jambo la pili ambalo nimelifikiria sana. Tunaambiwa mara kwa mara kwamba Wazungu wana karatasi na sisi tuna midomo, kwamba muziki wao uko salama ndani ya nota na wetu unapotea na upepo. Mtazameni Vlado Perlemuter. Alizaliwa Kaunas, Lithuania, mwaka 1904; akapoteza jicho moja akiwa mtoto mdogo; akakulia na kusomea Ufaransa. Karatasi za Ravel alikuwa nazo zote, zimechapishwa vizuri, kila noti mahali pake. Hata hivyo, mwaka 1927 alikwenda hadi nyumba ya Ravel huko Montfort-l'Amaury, akaketi mbele ya mtunzi, akampigia kipande baada ya kipande. Ravel alimsahihisha: hapa usiharakishe, pale acha kanyagio, sauti hii isikike kuliko ile. Perlemuter aliandika masahihisho hayo juu ya nota zake. Mwaka 1929 aliupiga muziki wote huo mbele ya watu katika maonyesho mawili. Katikati ya miaka ya 1950 akaurekodi wote, na akiwa mzee, miaka ya 1970, akaurekodi wote tena.

Kwa hiyo hata huko kwenye karatasi nyingi, muziki ulipita kutoka kwa mtu aliyekaa hadi kwa mtu aliyekaa karibu naye, kama mjukuu anavyopokea kutoka kwa babu. Karatasi ilibeba noti. Uzito wa kidole, mahali pa kuvuta pumzi, kengele ile ya Le Gibet ilie kwa ukali gani, hayo yalibebwa na Perlemuter mwilini mwake, na yangekwenda naye kaburini mwaka 2002 kama asingekaa mbele ya mikrofoni.

Na Ravel mwenyewe? Alirekodi kidogo, kwenye piano za wakati ule zilizojipiga kwa roli la karatasi lenye matundu, mwaka 1913 na tena mwaka 1922. Roli hizo hazitoshi. Zina vipande vichache, na nyingine zilizotoka kwa jina lake zilipigwa na Casadesus, kwa sababu vipande hivyo vilikuwa vigumu kuliko vidole vya mtunzi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 ugonjwa wa ubongo ulianza kumnyang'anya uwezo wa kuandika, na muziki aliousikia kichwani hakuweza tena kuutoa. Alifariki baada ya kupasuliwa kichwa, Desemba 1937. Mtunzi aliyepangilia noti kwa uangalifu mkubwa namna ile hakuacha rekodi kamili ya mkono wake. Tulicho nacho ni mikono ya wengine, na bila Perlemuter tungekuwa na pungufu ya hicho.

Rudini nami sasa Kongo, katika miaka ile ya 1950. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya kusini, alipita katika Kongo ya Wabelgiji, Rwanda na Burundi na gari lake la mitambo. Miaka hiyo pia Mmarekani Alan Merriam alikuwa akirekodi Kivu, kwa Bashi, na huko Rwanda na Burundi. Tracey alirekodi maelfu ya nyimbo katika maisha yake. Mkusanyo wake mkubwa uitwao Sound of Africa una santuri 210. Ninamheshimu. Bila yeye na wenzake, sauti nyingi za babu zetu zisingekuwa popote. Lakini angalieni namna ya kazi yenyewe. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba dakika tatu hivi kila upande. Mpigaji aliitwa, akapiga wimbo mmoja au miwili, fundi akatoa ishara ya kumaliza, gari likaondoka. Kutoka kijiji fulani zikabaki dakika tatu za huyu na dakika tatu za yule. Wimbo uliozoea kwenda hadi alfajiri ulikatwa ukiwa ndio kwanza umeanza kuchemka.

Ulaya nako santuri zilikuwa zilezile, na Scarbo, ambayo ina dakika tisa hivi, ililazimika kukatwa vipande na kugeuzwa upande. Lakini santuri ndefu, iliyotoka mwaka 1948, ilipofika kwao, ikarahisisha kurekodi watunzi wao kikamilifu. Kwetu santuri ndefu ilipofika, ilijazwa vilevile dakika tatu tatu, kipande cha hapa na kipande cha kule. Sidhani kulikuwa na ubaya wa moyo. Yule mgeni alikuja kutafuta muziki wa kabila, na kwa kutafuta kabila hakumwona mtu.

Mmoja alionekana. Jadotville, mji tunaouita Likasi leo, Tracey alimrekodi kijana mwenye gitaa, Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya mwaka 1930. Wimbo wake Masanga ulipewa tuzo ya rekodi bora ya Kiafrika ya mwaka 1952. Aliimba Kiswahili cha Katanga, lugha ambayo kila mtu hapa anaifuata bila taabu, na gitaa lake alilipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu. Kwa vidole hivyo viwili alitoa besi, wimbo na kijibizano katikati, hata msikilizaji akaapa kwamba wapo watu wawili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 alikaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi redioni, na wapiga magitaa wa Kenya wakajifunza kwake. Mwaka 1969 alipiga Marekani, kwenye tamasha la Newport. Mtafiti David Rycroft aliuandika muziki wake kwenye nota, kwa uvumilivu mkubwa, katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962.

Mwenda alirekodi mengi kuliko wapigaji wengi wa Kongo wa enzi yake, lakini nyimbo za ujana wake zilirekodiwa kwa kipimo cha upande wa santuri, na aliyechagua ipi itoke alikuwa mwenye kampuni. Mwaka 1988, akiwa na miaka 58, aliketi studio huko Cape Town na kuzirudia nyimbo za zamani. Mkono umetulia. Anaacha nafasi ambazo kijana wa 1952 asingeziacha, kwa sababu hakuna tena anayemhesabia dakika. Miaka miwili baadaye alifariki. Kila ninaposikiliza rekodi hiyo najiuliza ingekuwaje kama mtu angekaa naye kati ya miaka hiyo, mwaka 1965 tuseme, kisha tena 1975, na kumwambia: Baba, tupe zote, hata ile uliyoitunga ukiwa mtoto, hata ile isiyokupendeza.

Hapa najua swali litakalotoka. Mtaniambia: Ravel alikuwa mtunzi, nyimbo zetu ni za ukoo, hazina mwenyewe. Ni kweli nyimbo nyingi hazina mtunzi mmoja. Lakini kila mzee ana zake. Ana mpangilio wake wa kuzipiga, ana wimbo alioupokea kwa mjomba wake na ambao jirani yake haujui, ana aliouongezea maneno mwaka wa njaa fulani, na anao mmoja alioutunga mwenyewe na hajawahi kuusema. Anayepiga likembe kule juu mlimani na anayepiga huku ziwani hawapigi sawa hata wakitaja wimbo mmoja. Kumrekodi kila mmoja wimbo mmoja, kisha kuandika juu ya boksi "muziki wa Babembe", ni kama kumchukua Ravel dansi moja na kuandika "muziki wa Wafaransa".

Mtaniambia pia kwamba wimbo wetu hubadilika kila unapoimbwa, kwa hiyo ukamilifu hauwezekani. Nami najibu kwamba Perlemuter aliurekodi muziki uleule mara mbili, na hakuna anayesema mara ya pili ilikuwa ya bure. Wimbo mmoja wa mzee urekodiwe asubuhi akiwa peke yake, na urekodiwe tena usiku kwenye watu, akiwa amejibiwa na kwaya na miguu. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo elimu tutakayowaachia wanafunzi.

Kazi ianze kwa daftari. Tukiwasha simu siku ya kwanza, mzee atapiga anachodhani tunakitaka, yaani wimbo wa harusi unaopendwa na wote, na tutakuwa tumerudi kwenye dakika tatu za Tracey. Mjukuu wake akae naye jioni nyingi, aandike majina ya nyimbo zote anazozikumbuka: alizozipata wapi, kwa nani, hupigwa lini, ameacha kuzipiga kwa nini. Nyimbo zilizosahauliwa nusu nazo ziandikwe, na kile kibwagizo kilichobaki peke yake kiandikwe. Daftari likikaa miezi bila kuongezeka, hapo ndipo turekodi.

Kuhusu mitambo sitawachosha. Simu nzuri inatosha kuanzia, mikrofoni ndogo ya nje inasaidia sana, na betri hujazwa kwa paneli za jua. Adui wetu mkubwa ni kelele: upepo wa ziwa, mabati mvua ikinyesha, jenereta, pikipiki. Chumba cha udongo chenye mikeka ukutani kina sauti njema kuliko ukumbi wa saruji. Vyombo vinavyolia kwa sauti ndogo vinataka ukaribu. Majirani zetu wa Burundi wana uimbaji wa inanga ambao mwimbaji hunong'ona juu ya nyuzi, na mikrofoni iliyowekwa mbali haiupati kabisa. Na fundi asimpe mzee ishara ya kumaliza. Atamaliza mwenyewe.

Nyimbo ambazo si za kila sikio ziheshimiwe. Zipo za jando, zipo za chama cha bwami, na mwenye haki ya kuzifunga ni mzee na wenzake, hata kama sisi tunatamani mkusanyo kamili. Katika daftari iandikwe tu kwamba upo wimbo, na kwamba umeachwa kwa makusudi. Maandishi hayo mafupi yatamwambia ukweli mtu wa miaka 100 ijayo, naye hatadhani kwamba hatukuwa na kitu.

Yapo pia mambo ya ridhaa na fedha, na hapa nasema kwa uchungu. Wapigaji wengi wa Afrika walisikika dunia nzima bila familia zao kujua rekodi ziko wapi. Sisi tuandikiane karatasi: nani ataruhusiwa kusikiliza, nani ataruhusiwa kuuza, na kikipatikana chochote kiende kwa nani. Nakala ya kwanza ya kila kitu ni ya nyumba ya mzee, kabla ya shule, kabla ya kanisa, kabla ya chuo chochote cha mbali. Nakala nyingine zikae mahali palipotengana, kwa sababu tunajua nyumba zetu zimeunguzwa mara ngapi.

Tena tusitafute wapigaji hapa tu. Tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipofunguliwa ng'ambo ya ziwa, Kasulu, mwaka 1996, wako wazee wa Fizi waliozeekea kule, na watoto waliozaliwa kule wakiwa hawajaiona Nundu. Wengine wamefika hadi Marekani. Muziki wa mtu mmoja unaweza kuwa umegawanyika: kaka yake yuko Mboko na anakumbuka nusu, dada yake yuko kambini na anakumbuka nusu nyingine. Madaftari mawili yakikutana, hata kwa ujumbe wa simu, huenda wimbo ukakamilika ambao hakuna mmoja wao angeweza kuumaliza.

Ombi langu la leo ni dogo kuliko hayo yote. Majumbani mwenu mna kaseti za miaka ya 1980 na 1990, za matanga, za harusi, za kwaya zilizokwisha kuvunjika. Msizirekodie tena juu yake. Msizipige kwenye redio ya zamani inayotafuna utepe; kwanza ziwekeni mahali pakavu, mbali na moshi na jua, zikiwa zimesimama wima ndani ya maboksi yake. Andikeni juu ya boksi jina la mpigaji, si jina la sherehe tu, na mwaka kama mnaukumbuka. Kuanzia wiki ijayo wanafunzi watapita nyumba kwa nyumba kuandika orodha. Hawatachukua kaseti yoyote. Wataandika tu nani anasikika ndani yake, na kama bado yupo hai, anaishi wapi.